Benchi la Posa na Suruali ya Baba

Oili chafu ikipigwa na jua la saa sita, harufu yake inanirudisha nyumbani kwetu Makanyagio, nikiwa na miaka tisa na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nyie mnaonifahamu mnajua: shule niliishia darasa la tano, lakini kwa viti vya bustani na mabenchi ya kukaa nje, Mpanda hii nzima, aje mtu tushindane. Ubao naugonga kwa kidole tu nakwambia kama ni kiini cha mninga au ni ile nyama nyeupe ya pembeni, ambayo mchwa wanaipenda kama watoto wanavyopenda karanga.

Elimu hiyo nilipewa na baba, na wala hakuwa seremala, alikuwa fundi baiskeli. Maisha yake yote alitengeneza benchi moja, refu, la mninga mtupu, kwa ajili ya wageni wa posa ya dada Pendo. Akaliweka nje, miguu juu ya matofali.

"Lipake oili," akaniambia wiki nzima kabla. "Kidogo kidogo, kwa kitambaa. Lifute, kisha liache juani siku tatu. Ubao haunyweshwi kama ng'ombe."

Mimi huyo, mpirani. Nilikumbuka asubuhi ya wageni. Basi nikalimwagia kopo zima. Benchi likang'aa, nikajisifu, maana kujisifu sikuanza leo.

Wageni wakaja kutoka Majengo. Baba mkubwa wa mchumba alivaa suti ya rangi ya maziwa, akaketi katikati kama chifu. Waliposimama kwa sala, sote tukaona: nyuma yake mabaka mawili meusi, makubwa kama sahani. Mzee akajipapasa, akanusa vidole.

"Tumekuja posa hapa, au tumekuja gereji?"

Hakuna aliyecheka. Mchumba akainamisha kichwa. Dada, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaanza kulia. Mzee akachukua kofia yake aondoke.

Baba alikuwa na suruali moja tu ya maana, ya kaki. Akatembea taratibu mpaka pale pale penye oili, akaketi, tena akajisogeza huku na huku kama kuku anayeatamia. Akainuka, akageuka, akawaonyesha wageni makalio yake.

"Mkwe, kwetu mgeni hachafuki peke yake."

Halafu yule mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akarudi kukaa palepale. Posa ikapita. Dada yuko Shanwe mpaka leo, na watoto watano.

Baba akapita karibu yangu, akasema tu, "Kanawe mikono, tunakula." Nikashukuru kwamba nimepona, hajajua. Miaka mingi baadaye, nina karakana yangu na vijana wanaoniharibia mbao, ndipo nilipoelewa kwamba mikono yangu aliiona mapema kabisa. Siku ile aliikalia oili kwa ajili ya dada, na kwa ajili yangu pia.

Doa halikutoka. Mama alichemsha suruali ile mpaka akachoka, baba akaivaa hivyo hivyo kanisani.

Na mimi, benchi halitoki kwangu kabla sijalikalia mwenyewe, nimevaa suruali nyeupe. Wateja wanasema naringa. Naringa kweli. Nina mtu wa kuringia.