Fidla Iliyovunjikia Kichwani mwa Enos

Enos Tidmarsh alikuwa fundi wa kuezeka mapaa ya nyasi, na mwili wake ulijaa makovu. Ukimuuliza, alikuonyesha: haka kadogo ni ka kazini. Mengine yote ya Pentekoste.

Kila Pentekoste wanaume sita wa kijiji cha Wenbury hufunga njuga miguuni, wakashika fimbo, wakaenda kucheza kijiji hadi kijiji, Enos mbele na fidla ya marehemu baba yake. Wakikutana na wa kijiji cha Harcot njiani, hakuna anayepisha. Zinapigwa. Na wakiondoka na fidla yenu ndiyo basi, hamchezi mpaka mwakani.

Mwaka ule walikutana darajani. Meno ya mwashi mmoja yaliruka, mtu akatupwa mtoni na njuga zake. Mara Enos akajikuta kabanwa ukutani na Job Pargeter, mchinja nguruwe wa Harcot.

"Lete hiyo fidla, mzee."

"Njoo uichukue, mla pumba."

"Nitakuvunja vidole kimoja kimoja."

"Viwili ulivivunja mwaka juzi. Anzia cha tatu."

Job akainua fimbo. Enos akaanza kupiga wimbo wa Harcot wenyewe.

Sasa kule, ukiwa na njuga, wimbo wa kwenu ukianza unaucheza mpaka uishe. Ukikatiza, unavuliwa njuga mbele ya wake za watu. Basi Harcot wakajipanga huku wamenuna, wakaruka, wakageuka. Wenbury hawakuwa na aibu: kila wale walipogeuka waliwatandika mbavuni na vichwani, tena kwa mapigo yale yale ya wimbo. Mashati meupe yakalowa damu.

Enos akijua wimbo ukiisha ataonana na Job, aliurudia mara tano. Mara ya sita uzi ukakatika.

"Umemaliza, mzee?" Job aliuliza, jicho moja limefumba.

"Nimemaliza."

Job akamnyang'anya fidla, akaivunjia kichwani mwake, vipande vyote vikamwangukia.

"Haya, vueni njuga," akawaambia Wenbury.

Enos, yuko chini, uso wote damu, akacheka. "Kwa nini wavue? Mwenye kuondoka na fidla ndiye mshindi. Nyie mnaondoka na nini? Vipande vyote ninavyo mimi. Vingine vimo humu kichwani."

Job akageuka, akawaongoza wenzake kurudi kwao. Ndivyo desturi ilivyokuwa.

Wenbury wakacheza siku zote zilizobaki, Enos akiwaimbia kwa mdomo, kitambaa kichwani. Kibanzi cha mwisho mkewe Keziah alikitoa Krismasi, kwa koleo.