Malango Kumi na Saba Yaliyobaki

Kabla ya kuanguka, nilikuwa mtu wa kulala popote. Nililala hata kwenye benchi la saluni ya hapa Berea, mtaa wa Durban, ambako mama yangu husuka nywele, mashine za kukaushia zikinguruma kando ya sikio langu. Wateja walinitania kwamba saluni ile inasuka nywele na kukodisha vitanda.

Naitwa Zawadi. Tulitoka Bukavu, Kongo, nikiwa na miaka sita. Skii, yaani kuteleza kwa mbao juu ya theluji, nilijifunzia Lesotho, kwenye hoteli ya milimani nilikoajiriwa kufua mashuka. Ukaidi ukanifikisha Ulaya, kisha kwenye mashindano makubwa ya dunia ya majira ya baridi, nikiwa nimevaa rangi za Afrika Kusini, nchi iliyonipa uraia. Sikuwa bingwa. Nilikuwa nashika mkia, na nilimshukuru Mungu kwa huo mkia.

Katika mbio zetu unateremka mlima ukipita kwenye malango ya bendera. Siku ile yalikuwa arobaini na manane. Asubuhi mnaruhusiwa kushuka polepole kando yake, kuyatazama tu. Kisha unasimama pembeni, unafumba macho na kushuka tena kwa mawazo, mikono ikipinda hewani. Usipoikariri njia, umekwisha. Mimi nilikariri kwa Kiswahili, maana hesabu na maombi nayafanya kwa lugha hiyo: kushoto, ngoja, kulia, barafu, kushoto, egemea.

Kwenye lango la thelathini na moja, ubao wa skii wa kulia ulinasa. Nakumbuka bendera nyekundu na mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini. Lilikuwa paja langu.

Kichwa nacho kiligonga barafu. Damu ilitoka sikioni. Siku tisa sikujitambua, mrija mmoja puani na mwingine wa mkojo. Mama hakuweza kuja kwa karatasi zake za ukimbizi, basi muuguzi mmoja akawa ananiwekea simu kwenye mto, na mama ananisikiliza kutoka Berea huku akisuka watu. Daktari wa kule alimwambia kwa Kifaransa kwamba naweweseka tu, maneno yangu hayana maana.

Niliporudi Durban mguu ulikuwa na vyuma, lakini ulikuwa unapona. Shida ilikuwa macho. Nikiyafumba, hata nikinawa uso tu, mbio zinaanza. Upepo unanipiga meno, mapaja yanakaza mpaka kidonda kinauma. Napita malango yote kwa zamu. Nikifika la thelathini na moja, giza. Pumzi inakatika. Nashtuka nikiwa sakafuni, mara mbili nikiwa nimejikojolea.

Ilikuwa Februari, jiji zima linatoka jasho. Mama alinishika vidole akaviachia haraka, akitaka kujua sababu.

"Zawadi, mikono yako iko baridi hivi juu ya nini?"

Kucha zangu zilikuwa za buluu.

Daktari wa hapa hakunificha: "Usipolala, ubongo hautapona. Unaweza kuanza kifafa." Alinipa vidonge. Vidonge vilinilaza mlimani, na sasa sikuweza hata kushtuka. Nikaviacha.

Kanisani, pasta akisema tufumbe macho tuombe, mimi nabaki nimekodoa. Dada mmoja wa kwaya akamnong'oneza mama, "Mama Zawadi, huyu mtoto iko na kitu ndani yake." Sikukasirika. Niliogopa kwamba anasema kweli.

Aliyenisaidia kwanza ni Achieng, Mkenya anayenifanyisha mazoezi ya mguu. Nilimsimulia kila kitu nikitarajia acheke.

"Hujamaliza hizo mbio," akasema. "Mwili bado unangoja mwisho. Si umalizie tu?"

"Malango yaliyobaki siyakumbuki. Kumi na saba. Yamefutika."

"Eish. Kwani hakuna mtu mwingine anayeyajua?"

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba cha mazoezi na mkoba wake. Akasimama polepole.

"Bon, sawa," akasema. "Mi iko nayo."

Alitoa daftari la saluni, lile la majina ya wateja. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa mwandiko wake. Kule hospitalini, kumbe, nilikuwa nikiyataja malango usiku na mchana, yote, mpaka mwisho. Daktari alisema ni upuuzi, lakini mama aliamini malaika ananionyesha njia ya kurudi nyumbani. Akaandika, asije malaika akasahau. Wamama wenzake wa maombi walikuwa wameyakariri na kuyaombea kila Ijumaa huko Cato Manor, mtaa wa jirani.

Nililia kwa sauti. Achieng akafunga pazia.

Nikalala chali, nikafumba macho. Mlima ukaja. Mama akasoma kama asomaye Zaburi. Nikafika thelathini na moja na giza likaanza kunifunika.

"Kulia, bonde," mama akasema gizani. "Kushoto, usiogope. Kulia, legea."

Bendera zikatokea moja moja kutoka kwenye sauti yake. La arobaini na nane lilipopita, hapakuwa na watu wala makofi. Kulikuwa na theluji tambarare tu. Nililala saa kumi na nne.

Leo natembea bila fimbo na nalala vizuri. Namshukuru Mungu, Achieng, na muuguzi yule ambaye sijui hata jina lake. Wewe uliyeketi kando ya mgonjwa asiyejitambua, nakusihi, msikilize. Andika hata usichokielewa.

Jambo moja bado sijamwambia daktari. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mama alisinzia kwenye kochi. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia: "Kushoto, ngoja." Nikatoka na povu mikononi. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa theluji, alikuwa amebana magoti na mikono yake ikipinda hewani. Nikamshika vidole. Baridi. Akashuka, akashuka, na baada ya thelathini na moja akanyamaza, kinywa wazi, hapumui.

Nikapiga magoti nikamtajia yote kumi na saba, sikioni, bila kuruka hata moja.

Akashusha pumzi.

"Tumefika?" akauliza, akiwa amefumba macho.

"Tumefika, Mama."

Akageukia upande wa pili akaendelea kulala. Mimi nikabaki nimemshika mkono mpaka ukapata joto.