Nimekwama mlimani na baba mkwe

Naandika nimegeukia mwamba, kitenge kichwani. Nyuma yangu kasimama baba mkwe na ng'ombe wake, naye kanipa mgongo.

Kwetu Wandali, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye. Ukimwona, unaingia porini apite.

Sasa pori liko wapi? Njia ni ya mtu mmoja tu: kushoto mwamba, kulia korongo. Na kwa ukungu huu wa Juni nilisikia kikohozi chake tukiwa tumeshakaribiana.

Nikampigia mume wangu, yuko Mlowo. Nikanong'ona, "Mwambie baba arudi nyuma."

Simu ya baba mkwe ikaita nyuma yangu.

Baba mkwe akajibu, nasikia kila neno jamani: "Mwambie mkeo ng'ombe hajui kurudi kinyumenyume."

Mume wangu akanipigia kunieleza. Nikamwambia nilikotoka kuna utelezi, nimepanda kwa kushika nyasi.

Akampigia tena baba yake.

Nikasikia, "Haloo? Haloo?"

Salio la mume wangu limeisha. Mimi nimebaki na bando la intaneti tu.

Baridi inaingia mifupani. Ng'ombe ameanza kutafuna kitenge.

Nyie wa Isongole, nani ana namba ya baba mkwe wangu ampigie?