Umeme Uliobaki Mwilini mwa Baba

Kwa miaka mingi baba yangu hakuruhusiwa kuingia nyumbani kabla ya kushika bomba la maji.

Alifanya kazi kwenye ukumbi wa matangi, pale Likasi, mji wetu wa migodi, ambako shaba iliyoyeyuka katika asidi hupitishiwa umeme mpaka ijibandike kwenye mabamba. Saa za mkono hazikudumu mle ndani. Aliyesahau kuivua yake aliikuta imesimama. Mama alipoelezwa hilo akafikia uamuzi wake: kama umeme ule unaua saa, basi mkono wenyewe umebeba nini? Tena alikuwa na ushahidi. Kiangazi cha kwanza cha ndoa yao, baba alivua sweta ya nailoni, ikatoa cheche na kumchoma mama kidoleni. Tangu hapo ikawa sheria: ashike kwanza bomba la chuma, umeme ushuke ardhini.

Kila alasiri, baba alipotokea langoni, mama alitoka na taulo begani.

"Papa ya batoto, simama pale! Shusha kwanza!"

Baba alishika bomba la uani kwa mikono miwili, uso mkavu kama mtu anayeapa mahakamani.

"Inatoka?"

"Inatoka."

"Yote?"

"Kidogo inabakia ku mukono ya kushoto."

"Ile uache. Ile ni yangu."

Halafu mama alimfuta uso kwa taulo, polepole, akimwuliza nani alimgombeza kazini. Sisi watoto tuliona ni jambo la kawaida kama kupiga mswaki.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini chuo kikuu kilifungwa nikiwa mwaka wa mwisho wa fizikia, nikarudi nyumbani. Nilikuwa na begi moja, ndevu chache, na milinganyo minne ambayo, tuliambiwa, inatosha kueleza umeme wote wa ulimwengu. Kijana mwenye milinganyo minne na asiye na kazi ni hatari kwa familia. Siku ya tatu nikamwona baba ameshika bomba, nikacheka kwa sauti.

Majirani wakanichokoza nieleze ninachekea nini. Walifanya kosa kubwa. Niliokota kipande cha mkaa, nikaanza kuchora ukutani.

"Sasa saa inakufa juu ya nini?" aliuliza fundi cherehani wa nyumba ya pili.

Nikajibu kwamba mkondo mkubwa unaopita kwenye vyuma huzungukwa na nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huigeuza kamani, ile springi ya saa, kuwa sumaku nayo, ikajishika yenyewe.

"Na damu? Banasema mu damu iko chuma."

"Si chuma kama ya msumari. Sumaku haiwezi kumvuta mtu."

"Na kama umeme iko mingi vile, papa yako hajakufa juu ya nini?"

Nikasema kati ya bamba na bamba msukumo ni wa volti mbili hivi, kama betri za tochi. Mkondo ni mkubwa, ila unapita njia yake. Nikaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba sumaku haisukumi chaji iliyosimama. Huisukuma inayokimbia, tena kwa ubavu, ikapinda njia bila kupata mbio zaidi. Hakuna aliyeelewa, nami nikafurahi sana.

"Na ile sweta?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kusuguana tu, mama. Sweta ya mtu yeyote inatoa cheche kiangazi. Papa hatoki kazini na umeme wowote. Hata angekuwa nao, ungevuja wote kabla hajafika langoni."

Baba alinitazama jinsi ambavyo sijatazamwa tena na mtu. Alikuwa ameuza baiskeli yake ili nisome, na sasa ilikuwa kama ile baiskeli inazungumza.

"Munasikia?" aliwaambia majirani, akinionyesha kwa fahari. "Njo mutoto yangu ule."

Kesho yake alilipita bomba bila kuligusa. Mama alikuwa ametoka na taulo. Alisimama kidogo, kisha akalitundika kwenye kamba, kana kwamba ndilo lililomtoa nje. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa najiandaa kuwaeleza radi.

Halafu umeme ukaanza kukatika kule ukumbini. Zamu zikapunguzwa, posho ya unga ikakoma, kisha mshahara. Baba alitueleza kwamba umeme ukikatika, shaba iliyokwisha kujibandika huanza kurudi ndani ya asidi. Akaniuliza kama vitabu navyo vinasema hivyo. Nikasema ndiyo. Alifurahi kwamba tunakubaliana.

Akaenda kuchimba mawe ya shaba kwenye mashimo ya Kamatanda, kwa sururu na koleo, pamoja na watu wa umri wa wanawe. Alirudi mwekundu kwa vumbi, akaingia ndani moja kwa moja. Mama alitoka kuuza unga sokoni Kikula, akarudi naye amechoka. Walikula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja kama abiria wawili wasiojuana. Ndipo nilipoelewa, kwa kasi ya wasomi, yaani nimechelewa. Watu wa kizazi chao na kanisa lao hawakugusana mbele ya macho ya watu bila sababu. Mama alikuwa amejipatia sababu, akaitunza miaka ishirini na zaidi, nami niliifuta alasiri moja kwa kipande cha mkaa.

Nikaamua kusema uongo wa kisayansi.

"Mama, nilikosea. Nimesoma upya. Mawe ya Kamatanda yana umeme, nao humbakia mtu anayeyabeba siku nzima. Afadhali papa ashike bomba."

Alikuwa anapepeta unga. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi.

"Weye! Unazani minye sikujua? Sweta ya kaka yangu ilifanya vilevile. Nilijua ule mwaka wa kwanza."

Lakini aliinuka akachukua taulo.

Baba akatokea langoni.

"Papa ya batoto, simama pale," mama alisema, kwa sauti kama ya msichana. "Mutoto anasema mawe iko na umeme. Shusha kwanza."

Baba alisimama. Alilitazama bomba, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira.

"Weye njo ulisema?"

"Ndiyo, papa. Ile siku nilikosea."

"Ulikosea. Mbele ya bantu bote." Akaweka koleo chini. "Minye nabaelezea kule Kamatanda. Maneno ya sumaku, ya volti mbili. Bananisikia. Sasa nitabaambia nini? Ulisoma bure?"

Mama alikuwa ananitazama, taulo begani. Nilikuwa na majibu mawili, na kila moja lilimnyang'anya mmoja wao.

"Hapana, papa. Nilikuwa namchezea mama. Ile ya kwanza njo ya kweli. Hakuna kitu inabakia mu mwili."

"Aa," baba alisema, akashusha pumzi. "Nilijua."

Akaketi kizingitini, akaniomba nimweleze upya ile ya chaji inayokimbia, maana kuna mtu kule shimoni anambishia. Mama akapita kando yetu, akaingia ndani na taulo lake. Nikaeleza tangu mwanzo, vizuri kuliko siku yoyote niliyofundisha baadaye, na baba akawa anarudia kila sentensi kwa midomo bila sauti, asije akaisahau.