Mwanga Uliowekwa Juu ya Tofali

Mke wangu anashindana kwa pikipiki, na mimi ndiye ninayemshikia mkoba. Wanaume wa Kabondo wamenicheka mpaka wamechoka. Waache.

Jumapili mchana, dimanche kama tunavyoiita huku, wanashindana wawili wawili kwenye kipande cha barabara iliyonyooka, kila mmoja upande wake. Pa kuanzia, mtambo uliotengenezwa na fundi mmoja wa redio unatoa mwanga mwembamba unaokatiza njia. Gurudumu la mbele likiukata, uko tayari. Inawaka taa ya njano, halafu kijani. Gurudumu likiuachia mwanga kabla ya kijani, inawaka nyekundu na umeshindwa. Ukipata nyekundu mbili, hukimbii tena mwaka mzima. Mke wangu alikuwa nayo moja, na kuna watu walikuwa wanaisubiri ya pili kwa hamu ili wafunge kabisa habari ya wanawake kushindana.

Ana mkono mwepesi, mwanamke huyu, na ninajivuna naye. Anafungua gesi kwenye njano, maana anajua gurudumu litabingirika kidogo kabla ya kuuachia mwanga.

Jumapili ile vijana wa kwaya walikuwa wamebeba makasha matupu ya bia ili wakalie kanisani. Mtambo, ambao siku zote hukaa juu ya kasha, ukawekwa juu ya tofali. Mimi sikuona kitu. Yeye alichuchumaa, akatazama.

"Mwanga iko chini," akasema. Karibu na ardhi mwanga unakatwa na sehemu fupi tu ya gurudumu. Likisogea tu, limeshatoka.

Akamwendea mpinzani wake, dereva wa teksi-moto, pikipiki ya kubeba abiria, ambaye naye alikuwa na nyekundu moja, akamueleza.

"Yaya, acha mambo mingi," akajibiwa, kama mtu anayemjibu dada yake mkubwa.

Basi, mke wangu akangoja kijani. Yule akatoka kwenye njano kama alivyozoea, ikawaka nyekundu. Mwaka wake ulikuwa umeisha hapo. Mimi nikaanza kucheza barabarani, sikujali nani ananitazama.

Mke wangu akarudi polepole, akamwambia mwamuzi watafute kasha, warudie.

"Una akili kweli?" nilimuuliza. Nilimkaripia hasa. Akipata nyekundu sasa, ni yeye atakayekaa nje.

"Huyu ameangushwa na tofali," akasema. "Mimi sijamushinda bado."

Kasha likaletwa kutoka nganda, baa ya jirani, watu wakiwa bado na chupa mkononi. Wakajipanga tena. Njano ikawaka, wote wawili wakafungua gesi, na taa ikageuka kijani. Mke wangu alitangulia tangu pale mpaka mwisho, na nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Dereva yule alivua kofia, akaja akiisukuma pikipiki yake.

"Yaya," akamwambia, "dimanche ijayo ukamate upande yangu. Haina mashimo."