Nyasi za Wakwe na Kupe wa Rweya

Kaa kwanza, mjukuu wangu, weka huo mundu chini. Nakumbuka siku nilipotumwa rweya, kule mbugani kwenye malisho, kukata nyasi kama unavyotumwa wewe leo. Nilikuwa msichana wa rika lako, na wakwe zangu watarajiwa walikuwa waje nyumbani kwetu Muleba kuleta mahari. Mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu, lazima akute nyasi zimetandazwa. Basi nikazikata pale pale ng'ombe wanapolala mchana, nimevaa gauni fupi na ndala!

Siku chache baadaye, homa. Kichwa kinapasuka, mitoki imevimba kinenani, na nyuma ya goti, pale nilipomng'oa kupe, kigaga cheusi. Mama akasema, "Malaria tu hiyo, Koku. Wageni wakishaondoka tutakwenda zahanati. Watu wasije wakasema tunaoza mgonjwa."

Weee! Nilipandwa na hasira. "Mama, nikifa mtamwoza nani? Hizo nyasi?"

Mama akajitupia kanga, akanishika mkono, tukaenda.

Daktari alipima malaria, hakuiona. Nikamwonyesha kigaga, nikamweleza habari ya rweya na kupe, sikuficha kitu. Akasema ni homa ya kupe, akanipa dawa na kunionya nizimalize hata nikipata nafuu. Wakwe walipofika, niliwapigia magoti kuwasalimia, mzima kabisa, na kigelegele cha mama nadhani kilisikika mpaka Kemondo!

Kwa hiyo vaa suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi, na viatu vya kufunika mguu. Ukirudi, jikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Babu yako mpaka leo akitoka malishoni haonji senene wa kukaanga kabla sijamkagua, anune asinune. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha. Usimchome moto, usimmwagie mafuta ya taa. Osha hapo kwa sabuni. Na homa ikija, usingoje wageni waondoke. Nenda siku hiyo hiyo, useme, "Niling'atwa na kupe." Usiposema, daktari atajuaje?

Haya, chukua mundu wako. Mungu akutangulie rweya, akurudishe salama, na siku wakwe zako watakapokuja wakukute umesimama kwa miguu yako. Kigelegele siku hiyo nitapiga mimi.