Fundi wa Nyambizi Niliyemcheka

Fundi wa pampu wa hapa Nyeri, yule niliyewachekesha naye katika safu hii miaka kadhaa iliyopita, amefariki. Dada yake alinipigia simu Jumanne asubuhi. "Fundi wako wa nyambizi ametuacha," alisema. "Ni kifua." Alivyotamka "wako" nilijua hajasahau nilichoandika.

Wasomaji wa zamani mtakumbuka. Alikuwa amechomelea matangi mawili makuukuu, akapata chombo cha kwenda chini ya maji, akanialika kwenye bwawa la shamba moja la kahawa nikione kikijaribiwa. Kilizama vizuri. Kilipoibuka, alitoka amelowa hadi kiunoni, maana maji yalikuwa yamepitia pale nyuma, shafti, ule mhimili unaozungusha propela, inapopenya ukuta wa tangi. "Hapo ndio kuna shida," aliniambia akikamua suruali. "Hicho kitu inazunguka. Ukikaza mpira wa kuziba sana, shafti inashika moto. Ukilegeza, maji inaingia." Kisha akanieleza sababu ya taabu yote ile: kaka yake alikufa katika bwawa kama lile, akipiga mbizi kuzibua mlango wa maji. Mimi nikaandika kuhusu suruali. Habari ya kaka yake niliiacha kwa sababu ingeharibu kicheko.

Kicheko kilifika mbali. Sokoni walimwita Nuhu, na baadhi ya wateja wakaanza kupeleka pampu zao Karatina. Miezi michache baadaye alikuja ofisini kwangu, bila hasira yoyote, akaweka mezani bomba fupi la chuma la kuvalishwa shafti, lenye pete mbili za mpira ndani na nafasi katikati. "Hapa katikati nasukuma grisi, nguvu yake ishinde ya maji," alisema. "Afadhali grisi itoke kuliko maji iingie. Kuja Jumamosi uone." Niliahidi. Jumamosi nikaenda harusini, wala sikumpigia simu.

Nilipokwenda matangani, mjane wake alinisogezea kiti. "Siku ile alikungoja mpaka saa tisa," alisema. "Akaniambia, labda gari imeharibika njiani. Halafu akaingia." Alikaa chini ya maji nusu saa, akatoka na soksi kavu. Aliyeona ni mkewe peke yake. Nyuma yetu walikaa wakulima wa mpunga kutoka Mwea, ambao pampu zao alizifunga mabomba ya aina ile ile, nao walimlia kama ndugu.

Nilimwomba mama yule msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Andika kwamba haikuvuja."

Haikuvuja. Miji yetu imejaa watu wa namna hii, na sisi tulioshika kalamu hatukosi nafasi ya kwenda kuwatazama wakishindwa. Siku wanayofaulu ndiyo tunakuwa na harusi. Anayemcheka mtu kazini na awe tayari kurudi kazi ikiisha. Asipoweza, anyamaze tangu mwanzo.